Mkwe Mpima Moshi

Mimi, Adrian Kalinga, ndiye mtaalamu wa moshi. Cheka tu, umeruhusiwa. Nilitoka Iringa kuja Mbeya na mashine ya kupima hewa, ndogo kama boksi la viatu, na kazi yangu ilikuwa nyepesi. Wakubwa wa jiji walikubali kwamba kwa wiki moja ya Julai hakuna kuchoma takataka, hakuna tanuri za matofali, na malori ya Tunduma yasubiri nje ya mji. Nipime kabla ya wiki hiyo, nipime ndani yake, nipime ikiisha. Tuone kama hewa imepona au tumesumbua watu bure.

Sasa mashine niifunge wapi? Kitaalamu ikae kwenye mtaa wenye watu wengi, mbali na moto wa mtu. Niliandika sababu nzuri nzuri za kuchagua Ilomba, kwenye baraza la mzee Gerson. Sababu yenyewe sikuiandika. Inaitwa Happy, ni binti wa mzee, na barua yangu ya posa ilikuwa imelala kwa baba yake tangu Pasaka bila jibu. Nilijua lakini alivyoniona. "Mhehe anayepima hewa," alimwambia Happy, "atakulisha hewa?"

Wiki ilianza vizuri, nikaanza kujisikia. Mchoro wa moshi kwenye simu yangu ulikuwa unashuka kila nikiutazama. Nikampigia bosi wangu, Dokta Tekla, aliyebaki Iringa akiutazama mchoro huohuo, nikajisifu kana kwamba moshi wa jiji zima nimeuzuia kwa viganja vyangu. Kesho yake asubuhi mama mzazi wa mzee Gerson, bibi Damari, akafariki.

Niliumia kweli. Katika nyumba ile bibi ndiye alikuwa wa kwanza kunikubali. Aliniita mume wangu, akawa anamfukuza Happy ukumbini eti asituharibie ndoa.

Mchana turubai lilikuwa limeshafungwa. Wanawake wanapika nyuma, wanaume wanaota moto mbele, na baridi ya Julai unaijua, moto haukuwa wa kitoto. Na uliwashwa wapi? Chini kabisa ya mashine yangu. Simu ikaita.

"Adrian, kuna nini huko? Wamewasha tanuri?"

"Ni msiba, dokta. Bibi yake Happy."

"Jamani, poleni sana. Ila wiki hii hatuipati tena. Mashine usiiguse, ikihama hatuna cha kulinganisha. Ongea nao wausogeze moto kidogo."

Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikaenda kuongea nao.

Nilichuchumaa mbele ya wazee. "Shikamooni wazazi wangu. Poleni sana na msiba. Naomba, kama haitakuwa usumbufu, tuusogeze moto kule uzioni. Unaharibu vipimo."

Lo! Neno lilishatoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na mashine yangu. Happy, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijifunika uso kwa kanga. Mzee Gerson alikuwa anautazama moto kwa macho makavu. Tangu asubuhi hakuwa ametoa hata chozi, na ndugu walishaanza kunong'ona kwamba huyu amejifungia, ataugua.

Aliyenijibu ni dada yake, shangazi Faustina, aliyetokea jikoni na mwiko mkononi. "Wewe ndiye mkwe?"

"Barua bado haijajibiwa, shangazi..."

"Nimekuuliza habari za barua? Wakwe wa nyumba hii wote wameleta kuni. Wewe umetuletea maneno. Haya, kuni zimeisha!"

Nilitoka mbio. Nikakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mpaka njia ya Mbalizi, kwa wauza kuni, nikachagua magogo ya mkaratusi yaliyonyooka, mazito, yenye gome safi. Nikamwambia muuzaji, nipe haya mazuri. Aliniangalia, akaangalia magogo, akapakia. Yalikuwa mazito kwa sababu yalikuwa mabichi. Nimesomea moshi mpaka chuo kikuu, ila kuni kavu sizijui. Kwetu Kilolo kuni walikuwa wanaleta dada zangu.

"Yatie mwenyewe," shangazi akasema.

Nikayatia. Ukatoka moshi mweupe, mzito, unaotafuta macho ya watu. Wazee wakaanza kukohoa na kubeba viti vyao. "Mkwe gani huyu," mmoja akafoka, "anataka kutuongezea marehemu!" Nikapiga magoti, nikapuliza, ndiyo kwanza nikauzidisha. Mfukoni simu ikatetemeka: Tekla. Nikaizima. Wiki nzima jiji la Mbeya limejizuia hata kuchoma ganda la ndizi, na pachafu kuliko pote ni hapa kwa mtaalamu, na anayepuliza ni mtaalamu mwenyewe. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Posa imekwisha, nikajiambia, na kazi imekwisha.

Nikashika gogo nilivute nje. Mkono ukanikamata kifundo cha mkono.

Ulikuwa wa mzee Gerson. Wenzake wote walishahama. Yeye hakunyanyuka kwenye kiti chake, katikati ya moshi, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Moshi huu!" alisema kwa sauti kubwa, wote wasikie. Kisha akaniinamia, akasema taratibu, "Mama yangu, Adrian. Mama yangu."

Nikamwuliza, "Niyatoe, baba? Nikalete makavu?"

Alitikisa kichwa. Mkono wangu hakuuachia.

"Usiyatoe, mwanangu."

Nikatafuta gogo bichi kuliko yote, nikaliongeza, nikainama nikapuliza.