Kabla ya Kuzika Mgomba

Rugaibula alimwambia mkwewe kwamba Jumamosi watazika mgomba. Alisema hivyo bila kumtazama, akichambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa.

Katika ukoo wao, mtu akimezwa na ziwa asionekane, hukatwa shina la mgomba kwenye kibanja chake, likafungwa sanda, likazikwa mahali ambapo yeye angelala. Mgomba ukishazikwa, mtu hatafutwi tena. Hata akiibuka baadaye, huzikwa hukohuko ufukweni, mbali na babu zake.

"Tata, nipe mpaka Ijumaa," Annastella alisema.

"Ziwa tumelisubiri, mwanangu. Aliyekufa maji huibuka mwenyewe. Mugisha hakuibuka."

"Basi yuko chini. Nitamfuata huko chini."

Mzee aliacha maharage. Mugisha, mume wa Annastella, alikuwa mwanawe wa mwisho.

"Ijumaa, basi," akasema.

Mugisha alizama mbele ya mwalo wao wa wavuvi, huku Muleba, upepo ulipopindua boti aliyokuwa akivulia pamoja na Damian. Damian aliishika boti akaokoka. Tangu siku hiyo alikuwa akifika kila asubuhi kwa Annastella, anakaa kidogo, anaondoka. Sasa, alipoambiwa habari ya Ijumaa, alipanda basi kwenda Bukoba, hadi Nyanga, nyumbani kwa Burhani. Burhani aliwahi kutunza boti za hoteli moja iliyokuwa ikipeleka watalii kuvua, na alikuwa bado na winchi mbili za kazi hiyo. Kila moja ilikuwa na gurudumu la waya wa chuma, mkono mfupi wa kutokeza nje ya boti, na pande zito la risasi kwenye ncha ya waya. Watalii walizitumia kushusha chambo mpaka kwenye kina wanakolala sangara wakubwa.

"Chukua," Burhani alimwambia. "Ila breki usiikaze mpaka mwisho. Risasi ikinasa chini, waya lazima upate kutoka. Ukiubana, kitakachong'oka ni boti."

Boti ilikuwa imevutwa mchangani. Mbao za ukingo zilikuwa nyembamba na zimechoka, hazingeweza zenyewe kubeba winchi. Damian alihitaji ubao mnene wa kuweka kwa ndani ili bolti zipate pa kushika, na mbao za namna hiyo mwaloni hazikuwapo. Rugaibula akampa mtumbwi wake wa kukamulia ndizi za pombe ya rubisi, uliokuwa na ufa na umelala nyuma ya nyumba. Damian aliupasua akapata vipande viwili.

Klaudia, aliyekuwa akianika dagaa karibu, alinusa hewa.

"Damian, hiyo boti inanuka rubisi. Leo sangara watakuja wenyewe, tena wakiimba."

"Waje," Damian alisema. "Ila si wao tunaowatafuta."

Klaudia aliinama juu ya dagaa wake. "Nisamehe, waitu. Mdomo wangu huu."

Damian alitoboa ukingo, akapitisha bolti, akakaza nati moja moja huku akisukuma mkono wa winchi kuona kama unacheza. Akaziba matundu kwa pamba na lami. Halafu, juu kidogo ya risasi, akaanza kufunga ndoano kubwa za sangara, nyingi, zikielekea kila upande. Annastella aligeuza uso.

"Zitamchoma."

"Hazitamuuma, shemeji."

"Najua. Funga."

Ijumaa walitoka jua likiwa limepanda. Damian alishika mashine, na winchi moja ilikuwa kando yake. Annastella alikaa kwenye ile nyingine. Risasi zikashuka mpaka zikagusa matope, wakaanza kwenda polepole, wakirudi na kwenda tena kama mtu anayefagia uwanja. Annastella alishika rozari kwa mkono mmoja, na kidole cha mkono wa pili alikiweka juu ya waya. Hakuomba Mugisha awe hai. Alikwisha kuiacha sala hiyo. Aliomba apewe mwili tu, hata sehemu yake, awe na kitu cha kuweka ardhini.

Walipandisha kipande cha wavu uliooza. Walipandisha gunia. Baadaye alipanda sangara mkubwa, akiwa ameshikwa ubavuni. Damian alimng'oa ndoano akamrudisha majini, akashusha risasi tena.

Adhuhuri, waya wa Annastella ulikaza. Haukushtuka kama unaposhtuliwa na samaki. Ulivuta kwa uzito, bila kuacha, na gurudumu likaanza kuzunguka likitoa waya.

"Uache uende, shemeji," Damian alisema, akigeukia mashine. "Nazima."

Lakini Annastella aliuona waya ukimwondokea mikononi. Alikuwa ameomba kitu kimoja, na sasa hicho kitu kilikuwa kinakwenda. Akaikaza breki mpaka mwisho.

Ubao ulilia. Ule ufa wa zamani ukafunguka, nati zikachomoka, na winchi ikaruka nje pamoja na kipande cha ukingo. Maji yakaingia. Damian alivua shati akaliziba tundu, Annastella akachota maji kwa ndoo bila kupumzika. Boti ilipoacha kuzama, upepo ulikuwa umekwisha kuwasogeza, na ziwa pande zote lilikuwa sawa.

"Ilikuwa hapa?" aliuliza.

"Au pale. Sijui, shemeji."

"Turudi na hiyo nyingine."

"Boti haiwezi."

Walielekea ufukweni. Njiani Damian alisema, "Ulikuwa mwamba."

"Mwamba hauondoki na waya."

Damian hakumwambia kwamba iliyokuwa ikiondoka ni boti. Aliendelea kushika mashine.

Jumamosi kaburi lilichimbwa kibanjani, refu kama la mtu mzima. Katekista aliongoza sala, na alipofika pa kutaja mwili alisita, akaruka maneno hayo. Annastella alitafuta la kumwambia Mungu, hakulipata. Rugaibula akamwekea udongo kiganjani.

"Tupa, mwanangu. Watu wanangoja."

Akatupa.