Komeo la Kuinua na Kusukuma

Tumbili wa yule tajiri wa mlimani hawakuvunja kitu, hilo tuliweke sawa mapema. Walifungua. Tajiri aliwaleta kutoka ng'ambo, nyuso nyeupe na mikia yenye pete pete, akawafuga kwenye bustani yake pamoja na ndege na mijusi ya kila rangi, ili wageni wake wapate cha kuchekea. Alipokosana na wakubwa akaikimbia nchi, wafanyakazi walisubiri mishahara mpaka wakachoka, wakaenda zao. Ndege wakafa, mijusi ikafa. Tumbili, waliokuwa wameshinda miaka wakimtazama mlishaji akiingia na kutoka, walipitisha vidole kwenye nondo, wakainua komeo, wakalisukuma, wakateremka mjini na watoto wao mgongoni.

Komeo lile ni la Fundi Geti. Ndiye aliyechomelea vizimba vya mlimani, na milango na grili zote za mji huu ni kazi ya mkono wake. Na Fundi Geti, Mungu amjalie, ana komeo moja tu: unainua, unasukuma. Alilibuni ujanani, na alikuwa akijivuna nalo utadhani kalizaa. Kwa hiyo tumbili walipofika mjini walikuta kila nyumba ina mlango wanaoujua. Wakala mikate, wakala mayai, wakaonja na sabuni. Wakazaliana kwenye dari. Ndege wa hapa wakatoweka kwa kuliwa makinda, mahindi yakabaki mabua, na mabwana waliotumwa kuja kuwatega waliporwa hadi chakula chao cha mchana.

Watu wakamjia juu Fundi, kisha hao hao wakamwomba awafungie upya. Akaliacha komeo lake kwa uchungu, akahamia kwenye kufuli, tena kufuli lililofichwa ndani ya kiboksi cha chuma ili vidole vya tumbili visilifikie. Mji mzima ukaingia nyuma ya nondo. Ukipita mtaani unasalimiana na mtu kashika vyuma kwa mikono miwili, na juu ya paa tumbili wamekaa wanamtazama.

Mlango mgumu kuliko yote aliuweka kwa mama yake. Mama alikuwa na magoti mabovu na mikono inayotetemeka, na siku moja tumbili alimnyang'anya mkate akamng'ata kidole. Fundi alilia siku ile, mtu mzima na ndevu zake. Akachomelea nondo nene, akapachika kufuli. Asubuhi anafunga kwa nje, jioni anafungua. Mama, ambaye maisha yake yalikuwa pale kizingitini, kumuuliza huyu hali na kumtania yule, akasogezwa ndani na kiti chake. Alimsihi mwanawe amwachie mlango wazi japo saa za mchana. Fundi akasema avumilie kidogo. Kidogo hicho hakikuisha, na mama akaanza kupungua: hali chakula vizuri, hasemi, anauangalia mlango tu.

Sasa, Fundi ana tabia ya kutundika funguo kwenye msumari nje ya karakana kila anapovaa miwani ya kuchomelea. Siku moja alivua miwani akakuta msumari mtupu, na kishada cha funguo kinang'aa kwenye paa la tatu, mkononi mwa tumbili. Alikuwa bado anamrushia tumbili mawe, jirani yake mshonaji akamwita kupitia grili yake: moshi unatoka kwa mama, na yeye mshonaji amefungiwa na mumewe, hawezi kwenda.

Fundi alikimbia kama kichaa. Umeme ulikuwa umekatika, grainda ya kukatia chuma haina kazi. Alishika msumeno wa chuma. Kufuli limo kwenye kiboksi, msumeno hauingii. Ikabidi akate nondo, zile zile alizozichagua nene kwa mapenzi. Alikata huku anatweta, jasho linamwingia machoni, na kila alipodhani imekatika ilikuwa bado. Ndani sufuria ilikuwa imeungua na kitambaa kimeshika moto. Mama alikuwa amekaa sakafuni, uso kwenye vyuma, anavuta hewa ya nje.

"Wale wanyama uliwawekea komeo linalofunguka," alisema, taratibu, bila hasira. "Mimi nilikukosea nini, mwanangu?"

Fundi aliendelea kukata. Nondo ilipoachia alimvuta mama yake nje, akarudi ndani akauzima moto kwa ndoo ya maji, kisha akaketi chini akashika kichwa. Maneno yale yalimchoma kuliko cheche zote alizowahi kuzipokea.

Umeme uliporudi aling'oa kufuli, akamrudishia mama yake lile komeo la zamani. Mama akainua, akasukuma, akatoka. Akaingia, akatoka tena.

Lakini tumbili nao wanalijua. Kwa hiyo lazima mtu abaki ndani kulinda jiko, na mtu huyo ni nani? Karakana imefungwa. Fundi Geti hushinda jikoni na ufagio, hawezi kuondoka hata kidogo, na mama hushinda kizingitini na fimbo yake, anasalimia mji. Mara moja moja hugeuka, akamchungulia mwanawe kupitia grili.

"Huko ndani kunakwendaje, Fundi?" humuuliza.

"Kunakwenda, Mama," hujibu Fundi, kashika nondo kwa mikono miwili.