Jina la Mjomba Hewani

Shangazi Siok-hun aliiweka laptopu juu ya meza yangu kama mtu anayemlaza mgonjwa.

"Haishiki mtandao," alisema. "Nataka ishike leo. Kesho lango la wafu linafungwa."

Mwezi ule wa saba wa kalenda ya Kichina, wafu wanapofunguliwa lango watembelee walio hai, kila kibanda cha soko letu pale Taipei kilikuwa na meza ya sadaka mbele yake, isipokuwa changu. Wafu wana kazi gani na waya na skrubu?

"Ya nani?"

"Ya mume wangu, mjomba wako. Alituacha mwezi wa tatu. Kila jioni aliiwasha asikilize maigizo yake ya kuimbwa redioni. Mwezi huu wote namwashia, namwekea na chai. Haishiki. Atakuja, aione imekufa, adhani amekosea nyumba."

Nikamwambia kuna kifaa kidogo cha kuchomeka ubavuni, kitamaliza shida yake mara moja. Akatikisa kichwa. "Hilo ni sikio la mtu mwingine."

Basi nikaifungua. Swichi ya pembeni ilikuwa imewashwa. Nikachomoa kadi ya mtandao, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio, nikairudisha. Bado. Kwenye orodha ya vifaa kadi ilionekana, lakini ina alama ya njano. Baada ya mazishi mwanawe alikuwa ameisasisha laptopu, na hapo draiva ya zamani, ile programu inayoiwezesha mashine kuongea na kadi, ikafutwa, ikawekwa mpya isiyoifahamu kadi ya umri ule. Nikatafuta ile ya zamani. Ikagoma kujisakinisha. Nikaipasua, nikatoa mafaili yake ya ndani, nikaishika mashine mkono hadi ikayakubali.

Alama ya njano ikatoweka. Laptopu ikashika mtandao wa kibanda changu.

"Jengo zima hili hakuna mwingine angeiweza," nikasema.

"Majivuno yako yangewasha taa za mtaa," akasema Tik, muuza makava ya simu wa kibanda cha jirani.

Shangazi hakucheka. "Imeshika wa kwako. Wa nyumbani je?"

"Mtandao wenu unaitwaje?"

Akasita. "Jina lake. Lote. Aliliweka mwenyewe."

Ningeweza kumwambia aende akajaribu nyumbani. Lakini mimi hupenda kuonekana. Nikazima mtandao wa kibanda, nikaifanya simu yangu irushe mtandao wenye jina lile, Khoo Bing-tek, na neno lao la siri lililohifadhiwa humo kwenye laptopu. Laptopu ikaurukia yenyewe. Ukurasa wa redio ambao mzee aliuacha wazi ukaamka, na sauti ya mwanamke ikaanza kulia kwa wimbo.

Tik aliacha kucheka. "Tsiong. Umemwita maiti kwa jina lake lote, mwezi wa saba, kibandani kwako?"

"Ni simu tu."

"Haya. Leo utakula meza moja naye, wewe na hiyo simu yako."

Shangazi alikuwa anatazama kigoda kitupu kando yangu. "Amekuja," akasema taratibu. "Amekuja kwako. Nyumbani hafiki tena." Kisha akanigeukia. "Utatupeleka nyumbani. Na darajani umwambie wewe, maana ndiwe uliyemwita."

Nilijua maneno. Kila aliyewahi kumsindikiza babu yake kutoka makaburini anayajua: mfu havuki maji bila kuambiwa.

Tukapanda pikipiki, yeye nyuma, laptopu imewaka mapajani ndani ya mfuko, mwanamke wa redioni akilia mgongoni kwangu. Kwenye taa za daraja la kwenda Sanchong, ng'ambo ya mto, alikoishi shangazi, pikipiki zilitubana kila upande, na vijana wa rika langu wakageuka kuusikiliza ule wimbo wa wazee. Nikaona haya, maneno ya kumwambia mjomba nikayameza. Taa ikawa kijani.

Katikati ya daraja wimbo ukakatika.

"Amebaki," akasema shangazi, kwa sauti ya mtu aliyesahau mwavuli.

Nilikuwa na majibu mengi. Draiva ya kulazimishwa huanguka. Chuma cha daraja huzuia mawimbi. Lakini simu ilikuwa mfukoni mwangu, shibiri mbili kutoka kwenye mfuko wake, na ilikuwa bado inalirusha lile jina. Kwenye kioo nilimwona shangazi amegeuza kichwa, anatazama tulikotoka, na mkono wake umenyooshwa kidogo nyuma.

Nikashuka Sanchong, nikageuza, nikavuka tena hadi mguu wa daraja wa upande wa Taipei. Nikasimama pembeni.

"Mjomba," nikasema, chini.

"Hakuwahi kusikia vizuri," akasema shangazi.

Nikapaza sauti. "Mjomba Khoo Bing-tek, tunavuka daraja. Panda, twende nyumbani." Mwenye pikipiki aliyekuwa karibu yetu aliinamisha uso haraka, akaongeza mwendo.

Shangazi akajisogeza mbele hadi magoti yake yakanibana, akaacha nafasi nyuma yake. Springi za nyuma zikalia, zikashuka.

Redio ilikuwa bado kimya. Nikaondoka polepole. Kwenye kupanda, injini ilihema kama ya pikipiki iliyobeba watu watatu, na sikuthubutu kutazama kioo.