Kijiko cha Chakula

Sisi wasomaji prufu, wakaguzi wa nakala za majaribio kabla hazijachapwa, hatusomi kimyakimya. Mmoja anasoma kwa sauti, nukta na koma zote, mwenzake anafuata kwa rula kwenye karatasi ya mteja. Miaka kumi na tisa nilisoma hivyo na mwenzangu, tuliyembandika jina la Mama Koma, mpaka bosi wa kiwanda chetu cha uchapaji alipotuletea kompyuta.

"Hii inasoma kurasa mia kwa dakika," akasema. "Nyie mnanichelewesha."

Inasoma! Nusura nimrushie rula. Siku hizi kupitisha macho ndiko kusoma. Watu wanaona kichwa cha habari tu, wanagombana wiki nzima. Hata wanangu, nikiwasimulia jinsi baba yao alivyofariki, wananiambia, "Mama, kwa kifupi basi."

Mama Koma akahamishiwa kufunga vifurushi. Mimi nikaachwa nitie sahihi kila prufu iliyopitishwa na kompyuta. Nilinung'unika kutwa, na sikujali nani ananisikia.

Jumanne asubuhi Mama Koma akanijia mezani na kikaratasi cha dawa ya kikohozi ya watoto, gundi imemganda vidoleni. Mashine zilikuwa zinaendelea kukichapa.

"Hebu nisikilize, dada." Akasoma kwa sauti, kama zamani. "Mtoto chini ya miaka miwili, koma, kijiko kimoja cha chakula, koma, mara tatu kwa siku, nukta."

"Cha chai," nikasema.

"Ndivyo nilivyotegemea. Lakini hapa ni cha chakula."

Kijiko cha chakula ni sawa na vitatu vya chai. Nikampokonya kile kikaratasi, nikapanda ngazi mbiombio, nikaingia kwa bosi bila hodi. Nikampasulia. Nikamwambia hilo dude lake linajua herufi, halijui koo la mtoto. Nikamwita mvivu. Nikamwita muuaji, na wala sikujutia.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akafungua faili, akatoa prufu na karatasi ya mteja, akaziweka mbele yangu. Ya mteja ilisema kijiko cha chai. Ya kwetu ilisema cha chakula, na chini yake palikuwa na sahihi yangu, Alhamisi, saa nne asubuhi.

Saa nne ile ninaikumbuka vizuri. Kwenye kundi la ukoo walikuwa wanamsema wifi yangu, na mimi sikutaka kupitwa. Simu mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia.

"Vifurushi vingapi vimetoka?" bosi akauliza.

"Kumi na viwili, tangu jana," Mama Koma akajibu kutoka mlangoni.

Bosi akainua simu kuwapigia wenye dawa. Hasira nilikuwa bado ninayo, ila sasa sikuwa na wa kumtupia.

"Nitawaambia ni kompyuta," akasema, kwa upole ulioniudhi kuliko yote.

"Thubutu," nikamwambia. "Nipe mimi hiyo simu."