Kitanda cha Wageni

Habari kwamba kamati ya madiwani inakuja ilipofika Namikolo, kijiji kizima kilishika ufagio. Kamati ilikuwa inazunguka zahanati moja baada ya nyingine, ijionee hali yenyewe kabla ya kukaa kikao cha kugawa fedha za afya. Lililowatoa watu usingizini lakini ni gari la wagonjwa. Halmashauri ilikuwa imepata moja tu, na kamati hiyo ndiyo ingeamua likae kijiji gani. Namikolo iko milimani, mbele ya Kipatimu, na masika yakianza barabara yake inageuka tope la kumeza magoti.

Apolonia, mwenyekiti wa kinamama, ndiye aliyeshika usukani. Akaingia zahanati na kukuta chumba cha kujifungulia kama kilivyokuwa siku zote: sakafu, mkeka na ndoo.

"Mama, tuwaache wakione hivi hivi," alisema Stefania, muuguzi.

"Wageni wapokelewe kwenye sakafu tupu? Watasema sisi Wamatumbi hatukufundwa!"

Basi ungewaona! Mmoja kaleta taa ya sola, mwingine mapazia ya harusi ya dada yake. Mtendaji wa kijiji, ambaye kwake hata kuku hupita sebuleni, alisimamia usafi kwa sauti ya juu kuliko wote. Kitanda kilitoka kwa binti yake Apolonia, Rosa, aliyeolewa na Lukas mwaka uliotangulia. Kilikuwa cha mninga, na foronya zake Rosa alizidarizi mwenyewe maua mekundu. Alikubali kukitoa huku akicheka, akisema mtoto aliye tumboni ameanza kulala kwa jirani kabla ya kuzaliwa.

Wageni walipofika, Rosa aliwanawisha mikono, tumbo limemtangulia. Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Salima, mwanamke wa pwani mwenye maneno ya upole, alimshika bega na kumwambia ajifungue salama. Kisha akazunguka chumba chote, akabonyeza godoro, akageukia wenyeji.

"Mama," alimwuliza Apolonia, "tumekuja kusikia kutoka kwenu. Hapa mnakosa nini?"

Stefania alimkazia macho Apolonia. Apolonia aliliona lile jicho, na maneno alikuwa ameyatayarisha tangu asubuhi: gari, mama, tunakosa gari. Lakini wageni walikuwa wamesimama juani, wali wa nazi unapoa, na kwao mgeni hatupiwi shida kabla hajala.

"Tunashukuru, Mheshimiwa," akasema. "Karibuni kwanza chakula."

Walikula, wakasifu kuku, na dereva akaanza kupiga honi kwa sababu ya mawingu. Walipoondoka, kila mtu alichukua chake akarudi nacho nyumbani. Apolonia alilala na furaha siku hiyo, maana hakuna aliyewaaibisha.

Baada ya kikao, mtendaji aliwasomea majibu mkutanoni. Kamati ilikuwa imelinganisha zahanati zote, na gari limepelekwa upande wa pili, kwenye kijiji ambako wajumbe walikuta wazazi wamelala chini. Namikolo ilipewa pongezi. Watu walipiga makofi machache. Apolonia alitafuta pa kumlaumu mwenyekiti wa kamati, na hakupaona. Hata yeye angefanya vile vile.

Rosa alishikwa na uchungu masika yamepamba moto. Alijifungulia kwenye mkeka, mtoto wa kike mwenye sauti kali, lakini damu haikukata. Stefania alifanya yote aliyoweza, kisha akapiga simu kuomba gari. Lilikuwa mbali, na njia ya huko imekatika. Ndipo Lukas na wenzake walipokwenda kuchukua kile kitanda cha mninga, wakamlaza Rosa, wakakibeba mabegani kuelekea hospitali ya Kipatimu huku miguu ikizama. Apolonia alikimbia pembeni ameshika mkono wa mwanawe. Kabla hawajafika daraja la pili, mkono ule ukalegea.

Mwaka uliofuata kamati ilikuja tena. Kinamama walifika na mafagio na mashuka kama kawaida, wakamkuta Apolonia ameketi mlangoni pa zahanati na mjukuu mgongoni.

"Rudisheni," aliwaambia. Hakuna aliyebisha.

Mheshimiwa Salima alishuka garini, akamwinamia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Salima alichungulia ndani, akaona sakafu, mkeka na ndoo. "Mwaka jana hapa palikuwa na kitanda kizuri chenye foronya za maua. Kimekwenda wapi?"

"Kilikuwa cha Rosa. Yule aliyewanawisha mikono."

Uso wa Salima ulichangamka. "Ah, yule binti! Hajambo?"

Jibu la adabu lilimjia Apolonia mdomoni lenyewe, kama linavyomjia kila mtu aliyelelewa: hajambo, anawasalimu. Akalimeza. Akalia mbele ya wageni bila kujifuta.

"Amekufa, mwanangu," akasema. "Mlituuliza tunakosa nini. Mimi ndiye niliyewaambia tunashukuru."