Bolti Nne za Kiti cha Nyuma

Alhamisi saa moja asubuhi mama mzee alikuwa ameshaingia garini. Alikaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, mkanda ameufunga, kadi ya zahanati ameiweka mapajani, mguu wenye kidonda ameunyoosha juu ya mto. Jumatano tatu mfululizo mwanawe alimwambia wataenda kesho, na kesho yake akasahau. Safari hii aliamua kumtangulia.

Mwanawe alikuwa karani wa ofisi ya bima. Tangu anunue kofia pana yenye kamba ya kidevuni, wenzake walimwita Kapteni kwa utani, naye akalipokea jina kama cheo. Gari lilikuwa stesheni wagoni ya familia, la kupeleka watoto shule na kurudi na magunia ya viazi. Kapteni alitaka lipande milima na kuvuka mito. Alishalifungia springi ndefu, matairi makubwa yenye meno, keria ya chuma juu, na bomba la kupumulia lililotoka kwenye injini hadi usawa wa paa. Ukilitazama kwa mbele ungedhani limesimama kwa vidole linachungulia dirishani kwa watu.

Asubuhi hiyo fundi alikuja kufungua kile kiti cha kushoto ili pawekwe tangi la maji. Kiti kikubwa cha pembeni kilikuwa cha watoto wake pacha, hicho kingebaki.

"Mama, shuka basi," alisema Kapteni. "Fundi wa watu anasubiri."

"Nishuke niende wapi? Kazi ya kupanda ndiyo nusu ya safari, na nimeshaimaliza."

"Tutakwenda Jumamosi."

"Jumamosi hawasafishi vidonda. Na wewe unajua."

Fundi akakuna kichwa. Akasema kiti chenyewe kina bolti nne tu, na mama hana uzito. Kapteni akatazama saa. Wakafungua bolti nne, mmoja akashika huku, mwingine kule, wakakitoa kiti na mama juu yake, wakakiweka barazani kati ya ndoo na viatu vya mvua. Mama mzee aliishika kadi yake isipeperuke.

Mchana Mama Pacha, mke wa Kapteni, alikuja kumsaidia aingie ndani kula. Mkanda haukufunguka. Alibonyeza, akavuta, akapaka sabuni, mwisho akaleta mkasi, mkasi ukapinda. Akampigia fundi simu.

"Magari ya aina hiyo ndivyo yalivyo," alisema fundi. "Mkanda umefungiwa kwenye kiti chenyewe, hauachii mpaka kiti kiwe garini. Kirudisheni mahali pake, utafunguka wenyewe. Ni dakika ishirini."

Jioni Kapteni alielezwa. Alisema dakika ishirini si kitu, ila tangi limeshafungwa na gundi bado mbichi. Watamrudisha baada ya safari ya kwanza.

Safari ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Kapteni aliondoka na pacha, Mama Pacha akabaki na mkwewe. Kwenye saa tatu na robo kiti kilianza kutikisika barazani. Kwanza kidogo kidogo, halafu mama mzee akarushwa juu mpaka mkanda ukamkaba kifua. Upepo ukamvua kitambaa cha kichwa, wakati nguo kwenye kamba zilikuwa zimetulia tuli. Vumbi jekundu likamjaa kwenye kope.

"Wameacha lami," alisema mama mzee. "Mwanangu anakimbiza gari kama anafukuzwa."

Mama Pacha alimshika mabega, lakini nguvu za gari si nguvu za mtu. Akaenda kuleta maji na taulo. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akauliza kama huko walikofika kuna mawingu, maana yeye amefua mablanketi. Mama mzee akatema vumbi, akamwambia aanike tu.

Kapteni alirudi amechangamka. Alipoiona michubuko ya mama yake aliinama, akaitazama kwa makini, kisha akampigia fundi.

"Bega la kushoto limeumia kuliko la kulia," alisema. "Springi ya nyuma kushoto ni laini mno."

Fundi alikuja, akaikagua michubuko kwa tochi, akakubali. Tangu siku hiyo hakuligusa gari kabla ya kupita barazani. Alimheshimu mama mzee kuliko vipimo vyote vya gereji.

"Mama, kwenye kona unaegemea wapi?"

"Kulia."

"Sana au kiasi?"

"Fundi, nifungulie basi, baba."

"Hilo ni la mwenye gari, mama."

Alhamisi zikapita. Zahanati walisema hawana mtu wa kwenda majumbani, mgonjwa aletwe. Mama Pacha aliita teksi. Dereva alipima kiti kwa mikono, akapima na mlango, akasema abiria ataingia, kiti hakitaingia. Basi Mama Pacha akawa anakiosha kidonda mwenyewe kwa maji ya chumvi. Kilianza kunuka. Siku wenzake Kapteni wa ofisini walipokuja kulitazama gari, alikihamishia kiti nyuma ya nyumba, kikabaki huko. Wageni walilizunguka gari, wakapiga teke matairi, wakasema sasa hapa mtu ameishi.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mto. Mama Pacha alimshika mumewe mkono akiwa ameshawasha injini.

"Baba Pacha, mama yako atavuka na nyinyi."

"Si ndiyo maana nimeweka bomba? Maji hayaingii."

"Bomba ni la injini."

"Nikirudi namfungulia. Haki ya Mungu."

Saa sita mchana maji yalianza kumpanda mama mzee miguuni. Hayakumwagika kwenye zege, yalisimama yamekizunguka kiti. "Ya baridi," alisema. Yakafika magotini, yakaingia kwenye kidonda, yakafika tumboni, yakafika kifuani. Mama Pacha alisimama nyuma yake akamwinua kidevu kwa mikono miwili. Maji yakagota chini ya mdomo yakabaki hapo dakika kumi na moja, kwa sababu Kapteni alilisimamisha gari katikati ya mto, pacha wampige picha kutoka juu ya keria. Yalipopungua, mama mzee alitapika mchanga.

Kapteni alirudi, akashuka anacheka. "Injini haikunywa hata tone!" Halafu akauona mstari wa tope uliozunguka shingo ya mama yake. Akachuchumaa mbele yake. Mama Pacha akadhani sasa yamemwingia akilini. Kapteni akaenda kuleta futi ya chuma, akapima kutoka kwenye kiti hadi kwenye mstari.

"Ndani kunavuja," alisema.

Kesho yake fundi aliling'oa tangi akalaza shavu kwenye sakafu ya gari. Alisema maji yanapitia kwenye matundu manne ya bolti za kile kiti. Mama Pacha alikuja mbio na mikono yenye povu.

"Pako wazi! Mrudisheni sasa hivi, halafu mkanda ukifunguka mfanye mnavyotaka!"

Fundi akamgeukia Kapteni. "Matundu yenyewe yameliwa na kutu. Nikizifunga bolti zitashika mara moja tu, na hayo matundu yatapanuka, hayatazibika tena vizuri. Chagua, bosi. Kiti au mto."

Kapteni alivua kofia, akafikiri. Alifikiri kweli, muda wa kutosha chai kupoa.

"Mama ameshapazoea pale," alisema. "Ziba."

Fundi akaweka vipande vinne vya bati, akawasha mashine ya kuchomelea, akaunga tundu moja baada ya jingine. Nyuma ya nyumba mama mzee alisikia mlio. Lilipozibwa la nne alimwita fundi.

"Maji hayataingia tena?"

"Hata tone, mama."

"Haya, afadhali."

Kisha akamwomba mkwewe amwinulie miguu. Mama Pacha akaleta kigoda, akaipandisha miguu yote miwili juu yake, wa kidonda kwanza, kwa sababu zege chini ya kiti lilikuwa linaunguza.