Shikamoo ya Akida Feruzi

Hajira alikuwa anageuza vitumbua kwenye kibaraza cha duka la Leodegar, Kariakoo, wakati Akida Feruzi alipotoka ukutani, katikati ya mabeseni, akakaa kwenye benchi. Alikuwa mtoza kodi wa Mjerumani enzi hizo, na amekufa siku nyingi. Kupitia kanzu yake uliweza kusoma bei za ndoo zilizokuwa nyuma yake. Leodegar ni mtu wa Rombo na kwake biashara ni biashara. Alimwomba tu asogee kidogo, asizibe mlango.

Mchukuzi mmoja akapita na mkokoteni, akaona mzee amekaa, akafanya alivyofunzwa na mama yake: shikamoo. Marehemu akaitikia marahaba, na hapohapo kidole gumba cha mguu kikajaa nyama. Basi kila apitaye akaamkia, maana ukimkuta mtu mzima wa rika lile huanzi kumdai cheti cha tabia. Ukaja mguu, likaja tumbo, ikaja shingo, mpaka mzee akawa anakunywa kahawa na haivuji.

Melkiori, mwenyekiti wa mtaa, aliona hiyo ni bahati. Mtaa ulikuwa unapewa jina la Akida, kwa kuwa ndiye aliyechimba kisima cha kwanza pale, na nani wa kukata utepe kama si mwenye jina? Shida ilikuwa moja. Mkono wa kulia haukuja. Kuanzia kiwikoni ilikuwa hewa tupu, na kila wakimpa mkasi afanye mazoezi unadondoka. Wakaulizana, wakagundua mtaani pale kuna mtu mmoja hajamwamkia. Ni Hajira.

Hajira hakuficha sababu. Babu wa mama yake aliletwa kutoka Liwale akiwa na kamba shingoni, na mwenye kuishika kamba alikuwa huyuhuyu wa kwenye benchi.

"Hakuchimba," alisema. "Alichimbisha. Na babu yetu kafia mlemle kisimani, wala hawakumtoa."

Akaitwa mtaalamu wa historia, bwana mpole mwenye tai. Akamsikiliza Hajira, akamsikiliza Melkiori, akanywa soda yake, akasema Akida ni mtu mwenye utata. Mtaa mzima ukashusha pumzi. Zuri kweli neno hilo. Ukishalitamka hakuna anayekudai kitu. Akida mwenyewe alipoulizwa alijibu kwamba alitumwa, akaomba kahawa nyingine.

Ikabaki Hajira aamkie tu, yaishe. Melkiori alikuwa ameshamwambia Leodegar kwamba asiyeheshimu jina la mtaa hana nafasi mtaani, na kibaraza kile ndicho kilichokuwa kinawasomesha wanawe Hajira. Clotilda, mke wa Leodegar, alimsihi kidada: marehemu hasemwi vibaya, na mkubwa ni mkubwa hata akiwa mbaya. Hajira alimsikiliza mpaka mwisho. Usiku hakulala vizuri.

Siku ya sherehe, viti vya plastiki vimepangwa na tarumbeta liko tayari, alifuta mikono kwenye kanga akamwendea mzee. Akamtazama usoni.

"Mambo?" akamwambia.

Akida akageuka nyuma kumtafuta anayesalimiwa. Mkono haukuja. Hapo watu wakachemka. Hadithi ya kamba walikuwa wameisikia wakiwa wanakula vitumbua, lakini salamu hii iliwauma kwelikweli. Adabu iko wapi, mwanamke huyu kalelewa na nani?

Leodegar ndiye aliyeimaliza kesi.

"Dada, ng'ambo ya barabara ni mtaa mwingine," alisema, macho chini. "Nisamehe. Na mimi nina watoto."

Ng'ambo hapakuwa na kibaraza wala paa, jua tupu. Wakamsaidia kubeba jiko, kikaango na ndoo ya unga, kwa heshima zote, huku wakimpa pole. Hajira alilia kwa hasira njia nzima. Alipokanyaga upande wa pili, mtaani hakukuwa tena na mtu ambaye hajamwamkia Akida. Vidole vikachomoza, kimoja kimoja, na kucha zake safi. Utepe ukakatwa, tarumbeta likalia, Melkiori akatangaza kwamba sasa utata umekwisha, mtaa una kauli moja.

Asubuhi iliyofuata baadhi ya wateja walivuka kumfuata Hajira. Wakala vitumbua juani, wakamnong'oneza kwamba ana haki, kwamba yule mzee hata wao hawampendi, na kwao pia kuna waliofungwa kamba. Wakafuta mafuta midomoni, wakavuka kurudi kazini. Akida alikuwa amekaa kwenye benchi. Shikamoo, wakasema mmoja baada ya mwingine, na yeye akawaitikia wote marahaba.